Boliti ya Upande wa Kushoto

Mwaka ule nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Shamba la mkonge tulilofanyia kazi mimi na mume wangu lilikuwa limefungwa, likakaa kimya msimu mzima, halafu likauzwa kwa watu ambao hatukuwahi kuwaona. Mimi nilikuwa karani wa bohari ya vipuri, yeye fundi wa magari ya kusomba mkonge. Tulijuana kwenye dirisha la bohari, yeye akileta karatasi ya kuomba bushi au fenibelti, mimi nikimrudisha kwa msimamizi kwa sababu haikutiwa sahihi. Baba yangu alikuja kutoka kusini kukata mkonge, nami nilizaliwa kambini. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kambi ina mwisho. Siku waliposoma majina ya wanaopunguzwa, majina yetu yalisomwa kwa pumzi moja, kama ya watu wa kiti kimoja.

Tulihamia Mabwerebwere, hapo Kilosa, sisi na watoto, nyumba ya vyumba viwili, nikawa nalima Chanzuru na kuuza unga barazani. Mume wangu alitumia kiinua mgongo chake kununua pikapu kuukuu. Ilikuwa miaka ya ruksa. Vitu ambavyo zamani tuliviandikia barua na kusubiri miezi, sasa vilitandazwa juani. Pale Mikumi, kando ya barabara kuu, kulikuwa na vijana waliotandika turubai na kupanga vyuma vya magari yaliyokatwakatwa Ulaya na Japani: rejeta, milango, taa, springi. Mume wangu akienda huko alirudi macho yanang'aa. Siku moja alirudi na springi mbili za mbele, ndefu na nene kuliko zake, akasema sasa gari litapanda mlima wowote bila kugusa mawe tumboni.

Alizifunga, na kweli gari lilisimama juu kama mbuzi aliyeona kitu. Ila stabilaiza haikufika tena.

Stabilaiza ni nondo nene kama kidole gumba, imepindwa ncha zote mbili, nayo inapita chini mbele kutoka gurudumu moja hadi la pili. Katikati inashikwa kwenye chasisi kwa bushi mbili za mpira, na kila ncha inaungana na mkono wa gurudumu kwa kijiti chenye boliti, wenyewe wanakiita linki. Kazi yake ni moja tu. Gari likikata kona, bodi ikataka kulala upande mmoja, ile nondo inakataa. Sasa springi mpya zilikuwa zimeinua bodi, na linki za zamani zikawa fupi. Mume wangu aliifungua yote, akaiegemeza nyuma ya choo, akasema gari halitembei kwa hiyo.

Mimi nilikuwa nimetoa vipuri bohari kwa miaka kumi na mbili. Sikuwa fundi, lakini nilijua kwamba hakuna mtengenezaji anayeweka chuma kizito chini ya gari kwa ajili ya pambo. Nilimwambia hivyo mara moja. Alicheka, akaniambia barabara ya Kilosa haina kona za mwendo. Sikumwambia mara ya pili. Nilikuwa na unga wa kupepeta.

Yeye ni mtu wa Vidunda, wa milimani. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto, akalelewa na mama mdogo, mdogo wa mama yake, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa ambaye alimpeleka shule ya misheni kwa fimbo na kumrudisha kwa fimbo. Mimi nilimwita mama, na kwa kweli alikuwa mama mkwe pekee niliyempata. Kiangazi kile mume wangu alipanda Vidunda kuchukua maharage na ndizi, na katika kurudi mama mdogo akaomba lifti hadi Kidodi kwenda kuuza vikapu vyake. Mbele alikuwa amekaa mzazi na kichanga, kwa hiyo mama mdogo akapanda nyuma, juu ya magunia.

Kwenye kona moja ya kushuka, gari lililala na halikurudi. Mwendo haukuwa mkubwa. Liliegemea polepole, waliokuwepo walisema, kama ng'ombe anayetaka kupumzika, likaenda kwa ubavu kwenye ukingo wa mlima. Mzazi na mtoto hawakupata hata mchubuko. Mume wangu alivunjika bega la kulia. Mama mdogo alivunjika paja.

Hakufa mtu. Ndivyo watu walivyosema kila walipokuja kutupa pole: hakufa mtu, mshukuruni Mungu. Tulishukuru. Nami kwa wiki nyingi nilikuwa naamka alfajiri kupika uji wa watu wawili, nautembeza hadi hospitali ya Kilosa walikolazwa, nawaosha, namgeuza mama mdogo kitandani, narudi kufungua biashara, naenda shamba, narudi tena na chakula cha jioni. Mama mdogo hakulalamika. Alikuwa ananiuliza kama nimekula, na mimi nilikuwa nasema ndiyo. Mguu ulipounga uliunga mfupi. Alirudishwa kwao akiwa na gongo, na kipande cha mwisho cha mlima wapwa wake walimbeba kwenye machela. Mume wangu hakwenda. Alisema bega bado. Watu wakimwuliza ilikuwaje alisema barabara, na kila aliyeijua barabara ile alitikisa kichwa na kukubali.

Bega lake lilipona nusu. Aliweza kushika usukani na kubadili gia, lakini mkono haukupanda juu ya kifua. Fundi ambaye mkono wake haupandi hawezi kulala chini ya gari. Kwa hiyo alinyoosha mabati kwa mkono wa kushoto, siku baada ya siku, akapaka rangi, akatangaza kwamba anauza. Baada ya mwezi akapatikana mnunuzi, mfanyabiashara wa vitunguu wa Mikumi. Aliagiza kwamba Jumamosi tumpelekee gari alione.

Jioni hiyo nilikuwa nachambua mbaazi. Nilimwuliza kama atamweleza mnunuzi habari ya stabilaiza. Akasema mtu anayenunua gari la zamani anajua ananunua nini.

Nikamwambia, "Ukimwuzia hivyo, atapakia watu."

"Kila mtu anapakia watu."

"Na mmoja wao atakuwa mama wa mtu."

Alinyanyuka akaenda zake. Siku mbili hatukusemezana zaidi ya salamu na karibu chakula. Sikujuta kusema, ila sikuwa na nguvu ya kusema tena, na nilidhani mambo yameishia hapo. Siku ya tatu asubuhi nilikwenda uani nikamkuta amechuchumaa, ile nondo imelala juu ya mapaja yake, anaisugua kutu kwa msasa. Hakuniangalia. Alisema angeweza kutafuta fundi, lakini fundi gani Kilosa atafunga kitu ambacho fundi mwenzake alikifungua na kukitupa, halafu asiulize kwa nini.

"Mkono wangu haupandi," alisema. "Utafunga wewe."

Nilicheka kidogo, kwa uchovu. Halafu nikaenda kuvaa suruali yake kuukuu.

Linki mpya tulizichongesha kwa mtu wa kuchomelea jirani na stesheni. Mume wangu alikuwa amepima kwa kipande cha kamba urefu uliopungua, akamchorea mchangani kwa kidole. Bushi za zamani zilikuwa zimepasuka, hivyo tulikata nyingine kutoka kwenye tairi bovu la lori, nami ndiye niliyezitoboa kwa msumari wa moto, moshi wake ukanikaa nyweleni hadi Jumapili. Mume wangu alitaka nizipake grisi ziingie kwa urahisi. Nilimkumbusha kwamba bohari tulikatazwa kuweka mpira karibu na grisi kwa sababu unavimba na kuoza. Tukapaka sabuni ya kufulia. Alikubali bila ubishi, na hilo lilinishtua kuliko kama angebisha.

Aliendesha magurudumu ya mbele juu ya mataruma mawili ya reli tuliyoazima kwa jirani, tukaweka mawe nyuma ya magurudumu mengine, nami nikaingia chini kwa mgongo, juu ya gunia. Sikuwahi kuliona gari kutoka upande ule. Kila kitu nilichokuwa nakijua kwa namba na rafu, sasa kilikuwa juu ya uso wangu, kina matope na kinadondosha mafuta. Yeye alikaa chini kando ya gurudumu, anachungulia, ananiambia nianze wapi. Nondo ilikuwa nzito. Niliishikilia kwa goti na mkono mmoja huku mkono mwingine ukitafuta tundu. Tulifunga vishikio viwili vya katikati bila kuvikaza, kisha linki ya kulia. Ile ya kulia iliingia kama imezaliwa pale. Nilitulia kidogo, nikamwambia nadhani tutamaliza kabla ya adhana ya adhuhuri.

Kushoto kulikuwa na nafasi finyu. Mume wangu akasema ataniinulia upande huo nipate kupitisha spana, akasukuma jeki chini ya chasisi na kupandisha. Kweli nafasi ilipatikana. Lakini nilipopeleka ncha ya nondo kwenye linki, matundu hayakukutana. Yalipishana upana wa vidole viwili. Nikavuta, nikasukuma, nikatia mtaimbo nikaubinya kwa uzito wangu wote. Yalikaribiana, nikafikisha boliti, nikaachia kidogo, yakapishana tena. Adhana ilipita. Jua liliingia upande wangu. Mara ya sita au ya saba boliti ilinitoka mkononi ikanigonga jino.

Mume wangu alianza kusema kwa ukali kwamba nashika vibaya. Nilijua nikifungua mdomo nitalia, nikaiokota boliti nikajaribu tena. Basi akalala chali, akajisogeza chini ya gari hadi akawa ubavuni mwangu, akauinua mkono wake wa kulia kwa kuusukuma na wa kushoto. Ulifika kifuani. Akausukuma tena. Niliona uso wake ulivyobadilika rangi. Spana ilimponyoka ikaanguka shingoni mwake, naye akauacha mkono ushuke, akabaki hapo hapo ameangalia juu.

Tulilala hivyo muda mrefu, kama watu waliolala kitandani. Nje kuku wangu walikuwa wanaparura unga nilioanika, nikawasikia na sikunyanyuka.

Akasema, "Aliniita."

Nilimwuliza nani, ingawa nilijua.

"Kabla ya ile kona. Alipiga bati kwa kiganja, akasema, mwanangu, linalala. Nilimsikia vizuri. Nikamjibu, shikilia tu, mama."

Ningeweza kumwambia kwamba mimi nami nilijua, kwamba nilisema mara moja na nikarudi kupepeta unga. Nililifikiria hilo, halafu nikaona kwamba siku hiyo si yangu. Niliendelea kuangalia juu, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuangalia, na nilichokuwa nakiangalia ni gurudumu la kushoto. Lilikuwa limening'inia. Jeki ilikuwa imeinua chasisi, gurudumu likabaki chini. Gurudumu la kulia lilikuwa limebeba uzito wake kama kawaida, limepanda juu ndani ya bodi. Nondo ilikuwa imefungwa upande mmoja kwa gurudumu lililopanda, nami nilikuwa nahangaika kuifunga upande wa pili kwa gurudumu lililoshuka. Kazi yake ni kukataa hilo hilo. Ilikuwa inakataa.

Nikamwambia, "Shusha jeki."

Alisema nitakosa nafasi. Nikarudia kwamba ashushe, kwamba magurudumu yote mawili yasimame sawa. Nikamsikia anapumua kwa pua, namna anayopumua akijua amekosea kitu ambacho mwanafunzi angekijua. Alijivuta nje akafungua jeki taratibu. Gari likakaa. Tundu lilishuka mbele ya macho yangu, likasogea, likakutana na mwenziwe. Nilipitisha boliti kwa vidole viwili. Ilihitaji nyundo mara moja tu, na si kwa nguvu.

Kukaza tulikaza gari likiwa limesimama kwa miguu yake, nati moja baada ya nyingine, kwa vidole vyangu kwanza halafu kwa spana. Zile ambazo sikuwa na nguvu ya kuzimaliza, nilishika spana mahali pake na yeye akaisukuma kwa mguu. Nilipotoka chini sikuweza kunyooka mgongo. Alinipatia maji ya kunawa, akanimiminia mwenyewe kutoka kwenye kopo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipokuwa na mimba.

Tuliijaribu barabara ya Chanzuru, tukiwa na magunia ya mchanga nyuma. Penye kona kabla ya daraja aliongeza mwendo kidogo. Gari liliinama, likajishika, likarudi. Akafanya tena kwenye kona iliyofuata. Nilidhani nitafurahi. Nilisinzia kabla hatujageuza, akaniamsha nyumbani.

Jumamosi tulikwenda Mikumi wote wawili. Mnunuzi alikuwa kijana, mwenye adabu, akaniamkia shikamoo kabla ya kumsalimu mume wangu. Alilipiga teke tairi, akasikiliza injini, akauliza kama redio inashika. Kisha akainama mbele, akaona linki zetu mpya zenye rangi nyeusi. Aliuliza ile ni nini. Mume wangu alimweleza. Kijana akasema kwamba dereva wake huwa anazitoa, zinanasa mawe tu, tena huko shambani gari lenye vyuma vingi chini ni usumbufu.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anaangalia barabara kuu, malori yanapita kwenda juu. Nilikuwa tayari kusema mimi, hata maneno nilikuwa nayo.

"Hii niliitoa mimi," alisema. "Gari likalala kwenye kona. Mama yangu aliyenilea yuko Vidunda, mguu mmoja mfupi. Watu nawaambia barabara. Si barabara."

Kijana alisimama wima. Hakusema pole. Alichuchumaa tena, akashika nondo kwa mkono, akaitikisa, akauliza boliti zile ni za spana ngapi. Mume wangu akamtajia. Wakakaa pale chini muda, wanaonyeshana kwa vidole, na mimi nikaenda kukaa kwenye kivuli cha kibanda cha chai. Alilinunua gari siku hiyo hiyo. Kama dereva wake aliitoa baadaye, sijui. Nililiona mara mbili likipita limejaa vitunguu, na mara zote mbili lilikuwa limekwenda kabla sijainama kuangalia.

Nilidhani tunarudi Kilosa. Mume wangu alisema hapana, tupande basi la Kidodi. Tulilala hapo kwa watu wa kwao, asubuhi tukapanda mlima kwa miguu. Mama mdogo alikuwa ameketi mlangoni anachagua maharage ya mbegu. Tulimwamkia, akaitika marahaba bila kuacha kazi, akatuuliza habari za watoto. Mume wangu hakungoja hata maji. Alipiga magoti akamwambia yote kwa Kividunda. Mimi Kividunda changu ni kidogo, lakini hayo niliyafuata.

Alipofika mahali pa kuitwa, mikono ya mama mdogo ilisimama.

"Kumbe ulinisikia?"

"Nilikusikia, mama."

"Mimi nimekuwa nikiwaambia watu hukusikia," alisema. "Nawaambia injini ilikuwa inapiga kelele."

Aliweka ungo chini, akachukua gongo lake, akaenda nyuma ya nyumba kwa mwendo wake ule wa kuchechemea, hakurudi mpaka jua lilipoanza kuinama. Mume wangu alibaki alipokuwa. Mimi nilimalizia kuchagua maharage, maana yalikuwa pale na mikono yangu haikujua kukaa bure. Usiku hakula nasi. Nilisema moyoni kwamba tumekuja kumwongezea mzigo, kwamba lile alilokuwa amejitengenezea la injini na kelele lilikuwa linamsaidia kuliko ukweli wetu.

Asubuhi tulikuta ametuchemshia viazi vya njiani, amevifunga kwenye jani. Alitusindikiza hadi mwisho wa shamba, akamwambia mwanawe kwamba paa la jikoni linavuja upande wa migomba na mvua haiko mbali. Mume wangu akasema mkono wake haupandi. Akamjibu kwamba basi aje na mkewe, amesikia mikono ya mkewe inapanda.

Tulikwenda kabla ya mvua. Mimi niliezeka, yeye akanipa nyasi, mama mdogo akasimama chini na gongo akituelekeza wote wawili kwa sauti yake kubwa. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Kuhusu ile kona hakusema tena, si kwetu, na kwa watu wengine sikuwahi kusikia. Mume wangu alifungua kibanda cha baiskeli pale Mabwerebwere, kwa sababu baiskeli unaweza kuigeuza juu chini ukaifanyia kazi umeketi.